Kwa anayeanza kuandika draiva za Linux: tafuta kifaa kinachokujibu

Wengi wanaouliza waanzie wapi tayari wameshapakia moduli ya kwanza, yaani kipande cha msimbo kinachoingizwa kwenye kerneli, kiini cha Linux. Wamepiga `insmod`, wameona salamu yao kwenye `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, wamefurahi, kisha wamekwama. Si ajabu. Moduli ile inakufundisha kukompaili kitu na kukiingiza kwenye kerneli, basi. Jioni moja inatosha. Hata ile draiva ya kubuni inayotunza maneno unayoliandikia faili la `/dev` isikukalishe sana. Shika tu kwamba pointa (anwani ya kumbukumbu) inayotoka kwenye programu ya mtumiaji haiaminiki, ndiyo maana tuna `copy_from_user` ya kunakili data yake kwa usalama, kisha songa mbele.

Unachohitaji ni kifaa chenye rejista (visehemu vyake unavyoviandikia na kuvisoma kwa anwani), kinachochukua muda kumaliza kazi, kinachopiga intarapti (ishara ya kuishtua prosesa), na kisichoungua ukikosea. QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, inacho, kimetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, kinaitwa edu, na kerneli inakiona kama kifaa cha PCI, yaani kadi iliyochomekwa kwenye kompyuta. Ongeza `-device edu` unapowasha mashine pepe, kisha ndani yake piga `lspci -nn` ukitafute kwa namba 1234:11e8. Hati yake ni fupi. Isome yote kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Anza na rejista ya 0x04. Ukiiandikia namba, ukaisoma, inakurudishia namba ileile biti zake zote zikiwa zimegeuzwa: andika 0x12345678, usome 0xedcba987. Usijaribu kwa 0. Jibu lake ni 0xffffffff, na hilo ndilo unalosoma kwa kawaida kifaa cha PCI kisipojibu kabisa, kwa hiyo utashangilia bure.

Kisha nenda 0x08. Ukiandika 5, kifaa kinakokotoa faktoria na baadaye unasoma 120. Kikiwa kazini, biti ya mwanzo ya rejista ya 0x20 inakuwa 1. Unaweza kukaa kwenye kitanzi ukiisoma mpaka ishuke, na mara ya kwanza fanya hivyo. Mara ya pili washa 0x80 kwenye rejista hiyohiyo, ili kifaa kikupigie intarapti kikimaliza. Hapa kaa wiki nzima ikibidi, maana sehemu kubwa ya ugumu wa draiva iko hapa.

Fanksheni yako ya intarapti inasoma 0x24. Ikikuta sifuri, intarapti si yako, labda ni ya kifaa kingine mnachoshirikiana laini moja, kwa hiyo unarudisha `IRQ_NONE`. Ikikuta kitu, unakiandika hichohicho kwenye 0x64 ili kifaa kitulie, unarudisha `IRQ_HANDLED`. Sasa futa makusudi ule mstari wa 0x64 uone. Laini haishuki, fanksheni inaitwa tena na tena, na mashine inaganda. Kisha, mstari huo ukiwa bado haupo, fanya fanksheni irudishe `IRQ_NONE` kila mara. Safari hii kerneli inahesabu: katika intarapti 100,000, zisipopata mwenyewe zaidi ya 99,900, inaizima laini na kulalamika kwamba hakuna anayejali. Ukishayaona haya kwa macho yako, siku ukiyakuta kwenye kifaa halisi utajua pa kutazama.

Ndani ya intarapti hakuna kulala, yaani kusimama ukisubiri kitu. `kmalloc` ya kuomba kumbukumbu, yenye `GFP_KERNEL`, inaweza kulala, kufuli la mutex linaweza kulala, `copy_to_user` pia. Ubaya wake ni kwamba siku nyingi hailali, na draiva yako itaonekana nzima mpaka kumbukumbu ibane. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jenga kerneli yako ukiwa umewasha vikaguzi vya makosa: `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` cha kulala pasipofaa, `CONFIG_PROVE_LOCKING` cha kufuli, na KASAN cha kumbukumbu. Itakuwa nzito, ivumilie. Na kama intarapti na fanksheni yako ya kawaida zinagusa data moja, ile ya kawaida ishike kufuli kwa `spin_lock_irqsave`. Bila hivyo, intarapti ikija kwenye prosesa ileile iliyoshika kufuli, itazunguka ikisubiri kitu ambacho hakitaachiwa kamwe.

Kosa jingine linalojificha ni la kufunga mlango. Kila hatua ya `probe`, fanksheni yako inayoitwa kifaa kinapopatikana, inaweza kushindwa, na lazima urudishe ulivyochukua kwa mpangilio wa kinyume. Fanksheni za `devm_` zinakusaidia kwa kuachia vitu zenyewe, ila zinafanya hivyo baada ya `remove`, fanksheni yako ya kuondoa kifaa, kumaliza. Ukiwa umeachia bafa (kumbukumbu ya kuwekea data) mwenyewe ndani ya `remove`, huku intarapti uliiomba kwa `devm_`, kuna upenyo ambao intarapti itafika na kuikuta bafa haipo. Ilazimishe kila hatua ishindwe, moja moja, kisha pakia na uondoe moduli kwenye kitanzi.

Mafunzo ya zamani yatakukatisha tamaa kwa sababu hayakompailiki. Kerneli haiahidi kwamba fanksheni zake za ndani zitabaki zilivyo: `class_create` ilikuwa na hoja mbili, tangu toleo la 6.4 la 2023 ina moja. Badala yake soma draiva fupi zilizomo kwenye msimbo wenyewe, `drivers/leds` au `drivers/rtc`, pamoja na `git log` ya faili husika, maana maelezo ya marekebisho huonyesha nini kilivunjika na kwa nini. Lugha ya Rust nayo imo tangu toleo la 6.1, lakini nyingi ya draiva utakazosoma ni C. Anza na C.

Intarapti zikishatulia, ingia kwenye DMA ya edu hiyohiyo, yaani kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu ya kompyuta chenyewe bila kupitia prosesa. Ina bafa ya baiti 4096 kwenye 0x40000, na kwa kawaida inaona anwani za biti 28 tu, yaani MB 256. Iambie kerneli hivyo kwa `dma_set_mask_and_coherent`, usisahau `pci_set_master` inayokiruhusu kifaa kufanya DMA, halafu peleka data, irudishe, na ulinganishe baiti kwa baiti.