Usiuze Gitaa kwa Ajili ya Valvu

Msomaji wa Mwanga, Kigoma, ameuliza kama auze gitaa lake la akiba apate valvu nne za Mullard, nembo ya Uingereza, za miaka ya 1960. Valvu ni zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya ya gitaa. Kaka, usiuze. Ukiweza, nunua moja tu, na hiyo moja uinunue baada ya kujua kwamba kelele ya amplifaya inatoka kwenye valvu kweli.

Kwanza soketi. Unyevu wa ziwa hauipendi miguu ya valvu. Ikishika kutu, sauti inakwaruza na kukatika, watu wanalaumu valvu bure. Zima amplifaya, chomoa waya ukutani, subiri dakika kumi ipoe. Vua kikopo cha bati kinachoifunika valvu, shika valvu chini karibu na soketi, ivute juu ukiiyumbisha kidogo tu. Ukiipinda kwa nguvu, kile kichuchu cha kioo juu kinavunjika na hewa inaingia: rangi ya fedha ndani ya kioo inageuka nyeupe kama maziwa. Hiyo ni ya kutupa. Safisha miguu yote tisa kwa brashi ya meno yenye spiriti, acha ikauke, irudishe. Sanduku la ndani usiliguse, kapasita, yaani vihifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti 300 au zaidi hata umeme ukiwa umezimwa.

Kelele bado ipo? Badilishana valvu mbili zenye namba ileile. Kelele ikihama, mkosaji ni valvu. Ikibaki palepale, mara nyingi ni rezista (kizuia umeme) ya kilo-omu 100 inayolisha anodi, bamba la ndani ya valvu, au soketi imelegea. Hapo mtafute fundi.

Sasa zamani au mpya. 12AX7 ya Wamarekani na ECC83 ya Wazungu wa Ulaya ni valvu ileile, nguvu yake ya kukuza ni mara 100. Soketi ya kwanza, iliyo karibu na tundu la gitaa, ndiyo inayobeba kila kitu: mvumo wowote unaozaliwa pale unakuzwa na hatua zote zinazofuata. Kwa hiyo ya zamani iliyo nzuri iweke pale, na pale tu. Ubora wake hautokani na uchawi. Viwanda vya wakati ule vilitengeneza valvu kwa mamilioni ya redio na televisheni, na nzuri zake ni tulivu. Ila tusidanganyane, kubadili spika kutakusogezea sauti kuliko valvu yoyote. Watu hawakujaa dansi la bendi za Tabora Jazz wala Nyanyembe Jazz kwa sababu ya nembo kwenye kioo.

Kwingine weka mpya, JJ ya Slovakia au za Urusi zinatosha. Kwenye amplifaya nyingi za Marshall nusu ya valvu ya pili inaendesha vitufe vya toni, na kathodi yake, sehemu inayotoa elektroni, inakaa juu ya volti 150 huku kikomo kati yake na hita, waya unaoipasha moto, ni 180. Valvu kongwe ukiiweka hapo unaihatarisha bure. Kwenye amplifaya ya Fender yenye mwangwi wa springi, soketi ya kuendesha springi inataka valvu ya namba nyingine, 12AT7, tena inaikamua sana. Usiweke 12AX7 hapo, na ya bei ghali usiitie kabisa.

Wauzaji wanapaka nembo upya, hilo lijue. Maandishi hayathibitishi kitu. Telefunken halisi, nembo ya Ujerumani, mara nyingi ina alama ya almasi iliyofinyangwa chini ya kioo, katikati ya miguu. Mullard za kiwanda cha Blackburn, Uingereza, zina msimbo uliochongwa kwenye kioo unaoanza na herufi B mstari wa pili. Muuzaji akikataa kukupigia picha ya sehemu hiyo, achana naye. Na kipimo cha mashine hakitoshi, kwa sababu mashine inapima mkondo, haisikii valvu inayolia.

Hilo unalisikia mwenyewe: weka sauti katikati, gonga kioo taratibu kwa kifutio cha penseli. "Tok" ndogo ni kawaida. Ikilia kama kengele au ikaanza kupiga mluzi, usiitupe. Ihamishie soketi ya mwisho, inayogawa mawimbi kabla ya valvu kubwa za kusukuma spika, huko mara nyingi haitalia.