Maswali ya Wasomaji: Je, Tulivute Gari Letu Nyuma ya Gari-Nyumba?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Minneapolis, na kwa kuwa watoto sasa wanajitegemea, tumenunua gari-nyumba la futi 30 lililojengwa juu ya chasisi ya Ford E-450 ili tuitembelee nchi hii ambayo kwa miaka mingi tumeijua kwa zamu za kazi tu. Kiangazi kilichopita tulifika Black Hills, South Dakota, tukashindwa kupita Needles Highway kwa sababu ya mahandaki yake membamba, na kila tulipohitaji maziwa au dawa tulilazimika kung'oa kambi nzima: kuchomoa umeme, kufunga bomba la majitaka, kukunja turubai la kivuli. Mwaka huu tunakwenda hifadhi za taifa za Yellowstone na Glacier. Mume wangu anataka tuivute Honda CR-V yetu ya mwaka 2017, inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kwa sababu jirani yetu wa kambini alikuwa akiivuta CR-V yake ya 2012 bila trela, magurudumu yote yakiwa chini, naye akasema kazi ni kuweka nyutro tu. Mimi nina wasiwasi. Ndoano ya kuvutia ya gari-nyumba letu imeandikwa kikomo cha pauni 5,000.

Mume wangu anaongeza: tukipotea njia, je, tunaweza kupiga rivasi gari likiwa nyuma? Na miteremko ya milimani tuishukeje?

JIBU: Marahaba, mama, na salamu kwa baba. Wasiwasi wako una msingi, na jirani yenu pia hakusema uongo. Alisahau tu kwamba gari lake na lenu, ingawa yana jina moja, ndani si gari moja. Honda iliruhusu CR-V kuvutwa magurudumu manne yakiwa chini hadi toleo la 2014, tena kwa masharti: injini iwashwe, gia ipitishwe kwenye D, ile ya kwenda mbele, kisha irudishwe nyutro, injini ingurume dakika 3 ili oili isambae, na mwendo usizidi maili 65 kwa saa. Kuanzia toleo la 2015 giaboksi ilibadilishwa, ikawekwa ile isiyo na gia za hatua, inayotumia mkanda wa chuma na puli, na ruhusa hiyo ikaondolewa.

Kuweka nyutro kunazuia nguvu ya injini isifike kwenye magurudumu, lakini hakuitengi giaboksi na magurudumu. Gari linapokokotwa, magurudumu yanaendelea kuzungusha sehemu za ndani ya giaboksi, ilhali pampu ya oili, ambayo huendeshwa na injini, imelala. Vyuma vinasagana vikiwa vikavu kwa mamia ya maili, na aliye mbele kwenye usukani hasikii lolote, mpaka siku ya kuwasha gari. Ndiyo maana Jeep Wrangler inaonekana sana nyuma ya magari-nyumba: ina giaboksi ndogo ya kugawa nguvu ambayo dereva anaweza kuiweka nyutro yake yenyewe, na hapo magurudumu huzunguka bila kuigusa giaboksi kubwa. Kabla ya kuamini neno la mtu yeyote kambini, fungueni kitabu cha gari, ukurasa unaohusu kuvutwa, na msome mwaka na aina ya giaboksi.

Huenda baba akafikiria kigari kidogo cha magurudumu mawili, kile kinachoinua magurudumu ya mbele pekee. Kinafaa kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele tu. Kwa gari lenu, magurudumu ya nyuma yangezungusha propela na difu, yaani mhimili na gia zinazopeleka nguvu nyuma, wakati ya mbele yamefungwa, na uharibifu ungehamia nyuma. Limebaki trela la kubeba gari zima. Hapo ndipo hesabu inapokataa: CR-V yenu ina uzito wa kati ya pauni 3,400 na 3,500, na trela la namna hiyo, likiwa tupu, hukaribia au huzidi pauni 2,000. Jumla inavuka pauni 5,000 za ndoano kabla hamjaweka hata kiti cha kukunja ndani ya gari. Chasisi ya E-450 kwa kawaida ina kikomo cha pauni 14,500 kwa gari lenyewe na pauni 22,000 pamoja na kinachovutwa, na watu wengi huutazama ule mwanya wa pauni 7,500 wakadhani wamehalalishiwa. Kikomo kinachotawala ni kile kilicho kidogo kuliko vyote, na kwenu ni ndoano.

Kwa safari hii, basi, ushauri wangu ni kwamba msivute. Hata hivyo, hamu ya baba ya kuwa na gari dogo ni ya haki, hasa Glacier. Barabara ya Going-to-the-Sun, inayopanda hadi Logan Pass kwenye mita 2,026, hairuhusu chombo chenye urefu unaozidi futi 21 au upana unaozidi futi 8 pamoja na vioo vya pembeni, katika sehemu ya katikati iliyo kati ya Avalanche na Rising Sun. Gari-nyumba lenu halipiti, liwe linavuta au halivuti. Kodini gari dogo Kalispell kwa siku mtakazokaa huko, au mkate tiketi ya yale mabasi mekundu ya miaka ya 1930 yenye paa la kukunjwa, ambayo kwa maoni yangu ni bora zaidi, kwa kuwa dereva naye anapata kuiona milima. Yellowstone ina barabara pana kiasi. Shida yake ni maegesho, ambayo kiangazi hujaa asubuhi mapema.

Ikiwa mmekusudia kusafiri kila mwaka, badilisheni kwanza hiyo CR-V kwa gari linaloruhusiwa kuvutwa, kisha mnunue vifaa kamili: chuma cha kuvutia, minyororo ya usalama, nyaya za taa, na kifaa cha kukanyaga breki ndani ya gari linalovutwa. Hicho cha mwisho wengi hukiruka kwa sababu ya bei. Breki za gari-nyumba zimeundwa kusimamisha uzito wake lenyewe, si pamoja na tani moja na nusu inayolisukuma kutoka nyuma. Wekeni pia vipimo vya upepo wa matairi vinavyosomeka mbele, kwa kuwa tairi la gari linalovutwa linaweza kupasuka na kuchakaa hadi rimu bila nyinyi kuhisi mtikisiko wowote. Na kila mkishaunganisha, mmoja wenu asimame pembeni wakati mwenzake anasogea mita chache, aone kama magurudumu yote manne yanazunguka. Breki ya mkono iliyosahaulika huwaka moto.

Kuhusu rivasi, baba, jibu ni hapana. Gari likivutwa magurudumu yakiwa chini, ukirudi nyuma magurudumu yake ya mbele hujikunja upande yanakotaka, na mara nyingi chuma cha kuvutia hupinda. Ukikosea njia, unashuka na kulifungua gari, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Kwa hiyo anayevuta huchagua kituo cha mafuta anachoweza kuingia upande mmoja na kutokea mwingine, na kwa kawaida ni vile vya malori.

Miteremko inawahusu hata msipovuta. Kutoka Black Hills kwenda Yellowstone mtaivuka milima ya Bighorn, na huko iepukeni barabara ya US 14A, ambayo mteremko wake unafikia asilimia 10. Shikeni US 16 inayopitia Ten Sleep. Wanaoijua Kitonga, ule mlima wa barabara ya Iringa, wameona jinsi malori yanavyoteremka: gia ndogo huwekwa juu kabla ya kuanza kushuka, injini ikashikilia uzito, na breki hukanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi kisha huachiwa zipoe. Mkisikia harufu ya breki kuungua, egesheni palipo salama na msubiri zipoe, na msizimwagie maji.