Pedi moja ya breki imeisha, mwenzake bado nene

SWALI: Shikamoo fundi. Gari letu ni la viti saba, nalishusha kutoka Marangu hadi Himo kila asubuhi na watoto. Pedi za mbele zina miezi mitano tu, lakini tairi la kushoto pedi ya ndani imebaki chuma, ya nje bado nene. Nimeambiwa niweke mpya tu. Inatosha?
Mama Watatu, Marangu

JIBU: Marahaba mama. Haitoshi, na nakuomba usishuke tena mteremko ule kabla halijatengenezwa. Pistoni, kipande kinachosukumwa na mafuta ya breki, husukuma pedi ya ndani ibane diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi; ya nje huvutwa na kalipa, yaani kibanio cha pedi, inayoteleza juu ya pini zake. Pini zikishika kutu, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani inabeba kazi peke yake. Hapa Moshi nakutana na hilo sana kwa magari ya milimani, matope na vumbi yakipita kwenye mpira wa kufunika pini uliochanika.

Fundi azitoe pini, azisugue kwa msasa laini, aweke mipira mipya na grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira, akatae kabisa! Kisha airudishe pistoni taratibu; ikigoma, kalipa ifunguliwe. Diski nayo ipimwe, maana chuma cha pedi iliyoisha kimeshaikwaruza.

Pedi zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja. Ukishuka, tumia gia ndogo. Baada ya wiki mbili avue tairi tena, alinganishe pedi zote nne.