Dada, kiwanja cha Chanika kisiuzwe

Shikamoo dada. Voisi yako ya dakika tisa nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri nikitoka kubeba boksi, ya pili jana jioni namenya viazi. Najibu humu humu kwenye grupu la familia kwa makusudi. Shemeji asome, Mama asomewe, na dogo mwenyewe asome, maana nasikia siku hizi ana simu nzuri kuliko yangu.

Umesema kuna bwana kafika hapo nyumbani, anawatafutia vijana timu Ulaya, na kwa dogo anataka milioni nane. Shemeji kashapata mteja wa kiwanja cha Chanika. Mimi kazi yangu ni kumpokea tu mtoto uwanja wa ndege, kwa sababu, nanukuu maneno yako, "hata Osimhen alikuwa muuza maji Lagos, akapita mji huohuo unaokaa wewe, leo hela zinamsumbua."

Hilo la Osimhen, yule mshambuliaji wa Nigeria, ndilo lililoniudhi, na limeniudhi kwa kuwa si uongo. Kweli aliuza maji kwenye foleni za magari Lagos. Kweli alipita hapa Charleroi, Ubelgiji. Ila huyo bwana kawasimulia mwanzo na mwisho, katikati karuka.

Katikati ni hivi. Mwaka 2015 Osimhen alikwenda Chile na timu ya Nigeria ya vijana chini ya miaka 17, Kombe la Dunia, akafunga mabao 10, akavunja rekodi. Si bao za mchangani zilizopigwa video na rafiki yake. Wolfsburg ya Ujerumani ikamsajili Januari 2017, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 18. Hizo siku chache zishike, nitazirudia. Huko Wolfsburg kwenye ligi hakufunga hata bao moja. Bega likamweka nje. Mwaka 2018 akapigwa na malaria, malaria yetu hii hii ya mseto, akaja Ubelgiji kufanya majaribio mwili haujarudi. Zulte Waregem wakamkataa. Club Brugge wakamkataa. Mtoto aliyefunga kuliko wenzake wote duniani, anaambiwa asante, nenda. Charleroi wakamchukua kwa mkopo, akafunga mabao 20, na yaliyofuata mnayajua: Lille, Napoli, ubingwa wa Italia 2023 kwa mabao yake 26, mchezaji bora wa Afrika, Galatasaray na euro zao milioni 75.

Sasa na mimi niseme la kwangu.

Dogo ana picha yangu kaibandika ukutani juu ya kitanda, uliniambia mwenyewe ukicheka. Nimekaa jukwaani uwanja wa Charleroi, skafu nyeusi na nyeupe shingoni, maana timu ya hapa jina lake la utani ni Pundamilia. Niliituma msimu ule wa 2018/19 nikaandika "Nimekuja kumcheki Osimhen." Mkashangilia grupu zima, shemeji akatuma vile vidole gumba kumi.

Sikwenda kumcheki Osimhen. Nilikwenda kufagia. Ilikuwa deiwaka ya kampuni ya usafi, unapigiwa simu saa sita mchana uwe pale jioni. Skafu niliiokota chini ya kiti, ina haradali upande mmoja, ndiyo maana niliikunja vile. Ufagio niliuegemeza kwenye ngazi, nikamwambia mwenzangu apige kuanzia kifuani. Alipiga mbili. Ya pili ufagio unaonekana. Nimekaa nayo kwenye simu miaka yote hii, leo naituma hapa chini ya ujumbe huu, dogo aibandike na hiyo.

Mnajua kazi yenyewe inavyokwenda? Mnafika mechi haijaisha. Hamruhusiwi kupanda jukwaani, mnasubiri kwenye korido ya chini, karibu na vyoo, kila mtu na ndoo yake. Juu yenu watu maelfu wanakanyaga zege. Bao likiingia, ukuta unatetemeka mpaka vumbi linakudondokea kwenye shingo. Bao za Osimhen nilizisikia, sikuziona. Mwenzangu mmoja, Mghana, yeye alikuwa anazijua kwa sauti. Kelele zikilipuka ghafla anasema "kichwa." Zikianza na mguno kwanza ndipo zilipuke, anasema "kipa katema, mtu kamalizia." Tukitoka tunaangalia marudio kwenye simu, kapatia.

Watu wakiondoka mnaanzia safu ya juu kabisa. Mmoja anabeba mashine ya kupuliza mgongoni, wengine mnafuata na mifuko. Vikombe vya bia, vishungi vya sigara, karatasi za chipsi na mayonezi iliyoganda kama nta. Januari saa tano usiku, chini ya sifuri, glavu walizotupa nyembamba kama za kuoshea vyombo. Vidole vinauma kwanza, halafu vinaacha kuuma, na vikiacha ndipo uogope. Msimamizi anasimama chini na saa. Nusu saa ya kubadilisha nguo haihesabiwi. Usiku mmoja alinirudisha safu nzima, viti kama arobaini, kwa sababu ya kishungi kimoja. Nilikuwa na miaka 34, dada. Nilipiga magoti nikakitafuta.

Huyo Mghana ndiye niliyetaka mumjue. Alikuja kama fowadi, si kama mfagiaji. Kwao Kumasi, nyumbani waliuza teksi ya baba. Wakala akamshusha stesheni ya Brussels Midi, akamlipia hoteli siku tatu, siku ya nne simu haipokelewi. Viza ya siku tisini. Alikuwa na miaka 22. Akatafuta timu mwenyewe kwa miguu, akapata ya daraja la chini, kocha akampenda sana, akafunga mazoezini mpaka wenzake wakaanza kumkata miguu. Halafu katibu wa klabu akamwita ofisini, akamtolea sheria. Mchezaji wa kulipwa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, ili apewe kibali hapa Ubelgiji, klabu lazima imlipe, kwa wakati ule, kama euro 80,000 kwa mwaka. Lazima. Sasa timu ya mtaa, ambayo mtoto wa fundi bomba anachezea hela ya mafuta ya gari, itoe euro 80,000 kwa kijana ambaye hakuna aliyemsikia?

Kichekesho ni kwamba kiwango hicho kinamlinda Mwafrika. Timu haiwezi kumsajili kwa hela ya uji. Ni sheria nzuri, na siku ningekuwa mimi kwenye kile kiti cha ofisini kwa katibu ningeilaani mpaka kwa mtunga sheria mwenyewe.

Mama yake Kumasi mpaka leo anajua mwanawe ni majeruhi wa goti. Kila mwezi anamtumia euro mia, anasema klabu inaendelea kumlipa. Nikamuuliza, goti gani hilo lisilopona miaka tisa? Nikacheka. Na yeye akacheka. Halafu akaniuliza ile picha ya skafu nyumbani waliipenda?

Shemeji najua atasema mbona Beveren, timu ya hapa Ubelgiji, zamani walijaza vijana wa Ivory Coast timu nzima, mbona Gervinho alitokea hapo. Ni kweli. Lakini wale walitoka kwenye akademi ya klabu ya ASEC pale Abidjan, wamelelewa tangu watoto, na aliyewaleta alikuwa na mkataba na klabu yenyewe. Hakupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana kiwanja.

Turudi kwenye zile siku chache. Dogo ana miaka 17. FIFA, kifungu cha 19, inakataza kumsajili mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache ambazo yeye hana hata moja. Ndiyo maana Wolfsburg walisubiri. Wajerumani wana hela za kununua mtaa mzima wa Lagos, lakini walisubiri. Sasa bwana wenu ana timu gani isiyosubiri? Muulizeni hivyo hivyo, mbele ya mjumbe. Muulizeni jina lake kamili lililo kwenye leseni ya FIFA, maana tangu 2023 mawakala wanafanya mtihani na majina yao yanatafutika. Mwambieni awape jina la klabu, mimi nitapiga simu hapo klabu, Kifaransa changu cha kuombea kazi kinatosha. Na wakala wa kweli anakula asilimia kwenye mkataba. Ukiona anataka kula kabla mchezaji hajala, ujue mchezaji hayumo kwenye hesabu zake.

Kwa hiyo dogo asije.

Najua utakachosema, nakusikia kabisa: "Mbona wewe ulikuja?" Nilikuja, na mliniuzia kiwanja cha Kibada cha marehemu baba. Sijakirudisha. Kila mwaka naahidi, kila mwaka bei ya Kibada inanikimbia. Cha Chanika kilibaki kwa sababu mimi nilikula cha kwanza, ndiyo maana napiga kelele namna hii, na kama kuna mtu kwenye grupu hili asiye na haki ya kumwambia mtoto asije, ni mimi. Lakini ndiye niliyeko huku.

Na wewe dogo. Video zako nimeziona, zote saba. Kasi unayo. Kugeuka na beki mgongoni unaweza, hilo halifundishwi. Ila mguu wako wa kushoto ni wa kupandia daladala tu. Bao nne kwenye hizo video ungefunga mapema kama usingekuwa unatafuta kulia. Kila jioni ukutani, mia kwa kushoto, usiniambie uwanja umejaa maji.

Njia ipo, na mtu wa kwenu kaipita. Samatta katoka Mbagala, African Lyon, Simba, mwaka 2011 kaenda Lubumbashi kwa TP Mazembe, mji ambao unanunua nyanya kwa Kiswahili. Alikaa kule karibu miaka mitano. Januari 2016 kapewa tuzo ya mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya Afrika, mwezi huohuo Genk ya hapa Ubelgiji wakamchukua, ana miaka 23, na tiketi hakulipa mama yake. Msimu ule ule nilikuwa nafagia vikombe yeye alikuwa bingwa wa Ubelgiji na Kiatu cha Mpingo mkononi, kile wanachompa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika. Miaka sita hiyo mbele yako kufikia ishirini na tatu. Usione mingi. Mimi nimekaa kwenye mabasi ya alfajiri mingi kuliko hiyo.

Na ikitokea amefika, dada, nawaomba nyie sasa. Adebayor wa Togo, aliyecheza Arsenal mpaka Real Madrid, mwaka 2015 aliandika Facebook mwenyewe, hadharani, habari za ndugu zake na hela. Alianza kuwajengea nyumba na mshahara wake wa kwanza, ana miaka 17. Nilisoma lile andiko nikiwa kwenye foleni ya kutuma hela, nikamwona mlalamishi. Sasa hivi simwoni hivyo. Hatudai kwa ubaya, ni bati, ni ada, ni msiba, lakini anayelala chumba chenye ukungu ukutani simu ikiita anaogopa kuangalia ni nani. Nimeshawahi kuacha simu ya Mama iite mpaka ikakata. Mama samahani. Nilikuwa na euro kumi na moja mpaka Ijumaa.

Mteja wa Chanika mrudishieni alichotanguliza. Kama shemeji kashaitumia, aniambie ni kiasi gani, asinizungushe, tutaona.

Lakini pasipoti atengenezewe. Ndiyo, nimesema asije, na bado atengenezewe. Timu ya maana ikimwita kesho Lubumbashi au popote, asikwamishwe na kijitabu. Hiyo laki na nusu naituma Ijumaa, huku vibarua tunalipwa kwa wiki. Nitatuma kwa namba yako, si ya shemeji, asinielewe vibaya.

Na nitumieni namba ya mguu wa dogo, iliyopimwa wiki hii. Njumu za mwaka jana nasikia anazikanyaga kisigino.