Kwa nini ORDER BY tarehe inakataa baada ya GROUP BY mteja

Kwenye SQL, ORDER BY (mpangilio wa matokeo) haikubali tarehe kwa sababu ukishaweka makundi kwa GROUP BY, kila mteja anabaki na mstari mmoja, lakini tarehe zake ni nyingi. Hifadhidata haijui ichukue ipi. Iambie wewe, mfano tarehe ya mwisho kwa MAX:

SELECT mteja, SUM(kiasi) AS jumla
FROM mauzo
GROUP BY mteja
ORDER BY MAX(tarehe) DESC;

MAX si lazima iwe kwenye SELECT. Usijaribu kuweka ORDER BY kwenye swali la ndani (subquery) kabla ya GROUP BY, mpangilio huo hauna dhamana yoyote ukifika nje.

Hifadhidata ya PostgreSQL ina mtego mwingine: ORDER BY jumla inapita, ila ORDER BY jumla / 2 inaleta kosa kwamba safu haipo, maana jina la bandia (lililotolewa kwa AS, kama jumla) halitumiki ndani ya hesabu. Andika SUM(kiasi) / 2.

Kwa hifadhidata ya MySQL, ukaguzi huu unaokataa tarehe isiyo na MAX umewashwa tangu toleo la 5.7.5 (unaitwa ONLY_FULL_GROUP_BY). Tafadhali usiuzime: swali litapita, lakini tarehe itakayotumika ni yoyote ile ya kundi. Na kuanzia 8.0 GROUP BY yenyewe haipangi tena matokeo, kwa hiyo ORDER BY iandike kila mara.