Kwa Wewe Unayeingia Ligi ya Klabu ya Tenisi kwa Mara ya Kwanza

Umejiandikisha ligi ya kiangazi, makundi yametoka, na sasa unapitia majina ukijiuliza nani utamfunga na nani atakusumbua. Hayo yaache kwanza. Kwa misimu yote niliyocheza, na ile niliyosaidia kupanga ratiba, sijaona mgeni aliyeharibu ligi kwa kucheza vibaya. Ligi inaharibiwa na watu wasiocheza mechi zao.

Fanya hesabu. Kundi la watu 6, kila mmoja akikutana na wenzake wote, lina mechi 15, lakini zako wewe ni 5 tu. Mechi 5 kwa msimu mzima zinaonekana chache, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Wiki ya kwanza mtu anasema bado hajawa fiti, ya pili jua kali, ya tatu mpinzani kasafiri. Ikifika wiki ya mwisho anadaiwa mechi 3, viwanja vimejaa, na wadaiwa wenzake wote wanagombea saa zilezile za jioni. Hasara haiishii kwake. Yule aliyekuwa anawania kupanda kundi anabaki kusubiri, na mwisho mpanga ratiba anatoa ushindi wa mezani, ambao hata anayeupewa haufurahii.

Kwa hiyo siku makundi yanapotangazwa, watafute wapinzani wako wote siku hiyohiyo. Na usiwaambie tu "tupange siku tucheze", maana maneno hayo hayajawahi kuzaa mechi. Andika hivi: "Jumanne saa 11 jioni au Jumamosi saa 2 asubuhi, ipi inakufaa?" Mtu akipewa saa mbili za kuchagua, hujibu. Anza na yule mwenye ratiba ngumu kuliko wote, hata kama ni mkali kuliko wote. Yule mwenye nafasi kila siku utampata tu.

Jambo la pili ni zito zaidi, na ndilo linalokujengea jina klabuni. Mechi za ligi hazina refa. Kila mchezaji ndiye mwamuzi wa upande wake wa wavu: mpira ukitua kwako, wewe ndiye unayesema "nje", na unasema papo hapo, kwa sauti, mkono juu. Mpira uliogusa mstari, hata kwa ukingo tu, ni mzuri. Usipokuwa na hakika, ni mzuri vilevile, na pointi ni ya mwenzako. Usimgeukie mtu aliyekaa benchi kumuuliza ameonaje, na usiombe pointi irudiwe kwa sababu hukuona vizuri. Kwenye uwanja wa udongo mnaweza kwenda kuangalia alama ya mpira. Kwenye uwanja mgumu mnabaki na macho yenu na uaminifu wenu. Mpira ukidunda mara mbili kabla hujaufikia, au raketi yako ikigusa wavu pointi ikiendelea, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Watu wanakumbuka hayo miaka mingi baada ya kusahau matokeo.

Anayeanzisha anatakiwa kutaja pointi kabla ya kila sevu ya kwanza (sevu ni pigo la kuanzisha pointi), kwa sauti ya kumfikia mpinzani. Wageni wengi huona aibu, wananong'ona au wananyamaza. Taja! Ugomvi mwingi niliowahi kuitwa kusuluhisha ulianza kwa ukimya huo. Mkishabishana, mmoja anasema 40 kwa 30 na mwingine anasema 30 kwa 40, msianze gemu (fungu la pointi) upya. Zikumbukeni pointi moja moja kwa utulivu. Zile mnazokubaliana zinabaki; ile mnayobishania ndiyo inayorudiwa.

Soma pia kanuni za ligi yenu kabla ya mechi ya kwanza, hasa kuhusu seti ya tatu (seti ni fungu la gemu). Klabu nyingi zimeiondoa na kuweka tai-breki, yaani gemu moja ya kuamua, ya pointi 10, ili wanaofuata wasisubiri uwanja hadi giza. Hata kwenye tenisi ya kulipwa walifika huko taratibu. Tai-breki, wazo la Mmarekani James Van Alen, iliingia US Open mwaka 1970, lakini Wimbledon iliendelea kuacha seti ya mwisho bila kikomo, na mwaka 2010 wachezaji John Isner na Nicolas Mahut wakacheza kwa muda wa saa 11 na dakika 5, katika siku tatu, seti ya tano ikiishia 70 kwa 68. Tangu 2022 mashindano yote manne makubwa yanamaliza seti ya mwisho kwa tai-breki ya pointi 10 gemu zikifika 6 kwa 6.

Utaratibu wa tai-breki uweke kichwani, maana ndipo wageni wanapochanganyikiwa na mechi imebana. Wa kwanza anapiga sevu moja tu, kutoka kulia. Baada yake kila mmoja anapiga mbili, akianzia kushoto. Mnabadilishana upande kila baada ya pointi 6, na mshindi lazima aongoze kwa pointi 2. Uliza pia kuhusu 40 kwa 40, yaani gemu ikiwa sare: ligi nyingine huamua kwa pointi moja tu, na anayepokea ndiye anayechagua upande wa kupokelea.

Dakika chache za kupasha mwili ni za kumpa mwenzako mipira anayoweza kuirudisha, naye akupe wewe. Usimalize pointi humo.

Sasa mashindano ya ndani. Haya ni mtoano, na yana tabia yake. Tuseme mmejiandikisha 13. Droo, yaani mpangilio wa nani anakutana na nani, itakuwa ya nafasi 16, kwa hiyo 3 watavuka raundi ya kwanza bila kucheza, na mara nyingi ni wale waliopewa namba za ubora. Namba 1 na namba 2 huwekwa pande tofauti za droo wasikutane kabla ya fainali. Wewe usiye na namba unatupwa popote kwa kura. Basi ukimkuta namba 2 siku ya kwanza, hakuna aliyekuonea. Cheza gemu zako zote kwa nguvu, kisha kama klabu ina droo ya waliotolewa mapema, ingia. Humo ndimo utakapokutana na watu wa kiwango chako, na mimi naithamini droo hiyo kuliko wengi wanavyoithamini.

Ukicheza wawili wawili, kubalianeni mapema nani anapokea kulia na nani kushoto, kwa sababu hamruhusiwi kubadilishana hadi seti iishe.

Kitu kimoja kitakushangaza mkifika raundi za mwisho: vijiti viwili vimesimamishwa chini ya wavu, kimoja kila upande. Wavu una urefu wa mita 0.914 katikati na mita 1.07 kwenye nguzo. Wavu wa wawili wawili ukitumika kwa mechi ya mmoja mmoja, nguzo ziko mbali, na wavu juu ya mstari wa pembeni unakuwa chini kidogo kuliko inavyotakiwa. Vijiti vinauinua. Kwenye ligi wengi hawajisumbui navyo, kwa hiyo lile pigo lako la kunyoosha pembeni, lililokuwa likipita bila shida, sasa litagonga utepe wa juu ya wavu. Nenda ukalifanyie mazoezi vijiti vikiwepo.

Matokeo yapeleke jioni ileile, na alama za kila seti, si jina la mshindi tu. Watu wawili wakilingana ushindi kwenye kundi, ligi nyingi huwatenganisha kwa tofauti ya seti, kisha ya gemu. Ndiyo maana ukiwa nyuma 5 kwa 0 usiachie: gemu 2 utakazookoa hapo zinaweza kukubakisha kwenye kundi.

Na ukishatolewa, siku ya fainali njoo uombe kuhesabu pointi. Wapangaji huwa wanahangaika kumpata mtu wa kukaa kwenye kile kiti kirefu, na hakuna mahali utakapoona vizuri zaidi jinsi wazoefu wanavyopokea sevu ya pili.