Nawezaje kushukuru ilhali mama hakurudi?

SWALI: Nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi tulipopata ajali ya treni ya Juni 2002 mkoani Dodoma. Mama alifariki, mimi nilitolewa dirishani na mtu nisiyemjua, kisha shangazi akanilea. Kila tarehe 24 Juni tunamsomea mama dua, na kila mara baba mdogo hunihimiza nishukuru kwa kuwa Mungu alinibakiza kwa makusudi. Sioni kusudi lenyewe, na kushukuru naona kama kuufurahia msiba. Nifanye nini?
Binti wa Isevya, Tabora

JIBU: Pole sana, binti yangu. Treni ile ilikuwa ikipanda mlima eneo la Igandu breki ziliposhindwa, ikarudi kinyumenyume kwa kasi hadi ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Nayasema haya waziwazi kwa sababu naona umejibebesha hatia isiyo yako. Kilichomwua mama yako ni ajali hiyo. Uhai wako haukununuliwa kwa uhai wake.

Hakuna anayekudai uishukuru ajali. Mshukuru yule mtu wa dirishani, ambaye katika vumbi na mayowe alisimama akanyoosha mikono kumpokea mtoto wa mwenzake. Siku ya dua, omba atajwe pamoja na marehemu, hata kama jina lake hulijui, na umtaje shangazi angali hai na anasikia. Shukrani ya namna hiyo haimpunguzii mama yako chochote, kwani naamini ndiyo ambayo yeye mwenyewe angewapa watu hao kama angebaki.

Kuhusu kusudi, baba mdogo ana nia njema, ila maneno yake yamekufanya udhani kwamba lazima utende jambo kubwa la kulipia kubaki kwako. Huna deni hilo. Mwombe faragha, kabla ya Juni, aache kulisema mbele ya watu, na badala yake asimulie mama yako alikuwa mtu wa namna gani: alipenda nini, alicheka na nani, alikuwa akikuitaje. Yaandike, maana wanaoyakumbuka wanazeeka.

Ukitaka kazi ya mikono, ipo karibu. Juni 2022 treni iliyotoka Kigoma iliacha njia eneo la Malolo, hapo hapo Tabora. Watu 4 walifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Majeruhi wa ajali kama hizo huhitaji damu iliyokwisha kukusanywa na kupimwa, na mwanamke mwenye afya njema anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi minne. Na kama usingizi unakukimbia kila Juni inapokaribia, nenda Hospitali ya Kitete ukaombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Usingoje mpaka siku ya dua ipite.